Mlango Ulioundwa Ulowe

Mvua ya Kakamega ina saa zake. Asubuhi jua huwaka hadi mabati yanalia, na kufika saa nane mchana mawingu yamekwisha kupandana upande wa msitu. Saa kumi radi inapiga. Kwa mwaka mji huu hupata karibu milimita 2,000 za mvua, takriban maradufu ya Nairobi, na ni nadra mwezi kupita mkavu kabisa. Siku nyingine mvua huja na mawe, siku nyingine na upepo unaoipiga kwa ubavu. Anayetaka kujua kama gari lake linavuja hana haja ya kulipeleka popote. Aliegeshe nje tu, angoje jioni.

Magari mengi hupita mtihani huo bila wenyewe kujua kwamba yametahiniwa. Liko moja linalopendwa mno mjini humu ambalo likishazeeka huanza kufeli, nalo ni Subaru Impreza WRX, ile ya kabla ya 2007. Mlango wa gari la kawaida una fremu ya chuma inayokizunguka kioo juu na pembeni, na raba hukutana na chuma kigumu kisichosogea. Mlango wa WRX huishia kiunoni. Kutoka hapo kwenda juu ni kioo kitupu kinachosimama peke yake, na mlango unapofungwa kioo hicho huegemea raba iliyopachikwa kwenye ukingo wa paa. Hakuna kingine kinachozuia mvua. Kampuni ya Subaru ilitumia milango ya namna hii tangu Leone ya miaka ya 1970, ikaiacha pole pole: Impreza iliyotoka 2007 ikapewa fremu, na kufika 2009 Legacy nayo ilikuwa imepewa.

Ni mlango mzuri kuutazama. Ukiufungua huku kioo kiko juu, kinabaki kimesimama hewani, chembamba, na gari zima linaonekana jepesi. Nawaelewa vijana wanaolipenda gari hili, na wazee wanaolipenda kimya kimya. Mwaka 1993 Patrick Njiru alikifikisha kijigari cha Subaru Vivio, chenye injini isiyofika sisi 700, hadi mwisho wa Safari Rally na kushinda daraja lake. Mwaka 1997 Colin McRae akaishinda Safari yenyewe kwa Impreza, na 2000 Richard Burns akaishinda tena kwa Impreza. Watoto waliosimama kando ya barabara za vumbi wakati ule sasa ni watu wazima wenye mishahara, na gari walilolitaka ni lile lile. Lakini sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo WRX za mwisho zenye vioo vitupu ziliacha kuteremshwa Mombasa miaka mingi iliyopita. Zilizopo ndizo zilizopo, na kila mwaka raba zake zinazidi kukauka.

Fundi ninayetaka kumsifu hufanya kazi chini ya kibanda cha mabati kando ya barabara ya Webuye, upande wa Lurambi. Hashughulikii injini. Gari lako likikosa nguvu atakuelekeza kwa jirani. Kazi yake ni milango, vioo, raba na maji, na katika kazi hiyo sijaona mwenye subira kumzidi. Fundi wa injini huondoka na sifa siku hiyo hiyo, kwa sababu gari lililokuwa kimya linanguruma. Fundi wa maji akifaulu, kinachoonekana ni kapeti kavu. Hakuna anayeita rafiki zake waje kutazama kapeti kavu, na nadhani ndiyo sababu kazi hii inathaminiwa kwa bei ndogo kuliko inavyostahili.

Jambo la kwanza analomfundisha mteja ni ambalo wateja wengi hukataa kuliamini: mlango wa gari umeundwa ulowe, na ulowe ndani. Mvua ikipiga kioo huteremka hadi kwenye ule mkanda mwembamba wa raba ulioko chini ya kioo kwa nje. Mkanda ule hupangusa, hauzibi. Maji yanaupita, yanaingia katikati ya bati la nje na bati la ndani, yanateremka karibu na mota ya kioo na nyaya zake, yanafika chini, kisha yanatokea kwenye matundu madogo yaliyotobolewa ukingoni mwa mlango. Njia hiyo ni ya halali. Kiwanda kiliichora. Kinachotenganisha maji hayo na miguu ya abiria ni karatasi moja ya nailoni iliyogandishwa kwenye bati la ndani, nyuma ya kile kifuniko chenye kitambaa na mahali pa kuwekea mkono. Kwa hiyo anayekuja akisema, "Fundi, nizibie mlango maji yasiingie," anaomba kisichowezekana. Kinachowezekana ni kuyarudisha maji kwenye njia yake.

Mteja niliyemkuta pale siku moja alikuwa mwalimu wa sekondari, na WRX yake ilikuwa imeanza kunuka. Harufu ile kila mwenye gari la zamani anaijua: nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Alikuwa na haraka, tayari ameshika funguo, akitaka aambiwe bei. Fundi akamwuliza kwanza gari huegeshwa likitazama wapi.

"Linatazama mteremko, Fundi. Kwani hilo linahusu nini?"

"Linahusu sana, Mwalimu. Na maji unayaona mbele au nyuma? Ni mvua ya kusimama au ya upepo? Gari likiwa limelala au likiwa barabarani?"

Kwa maswali hayo kazi yenyewe ilikuwa imeanza. Gari linalotazama chini hukusanya maji mbele hata kama yameingilia mlango wa nyuma. Linalovuja likiwa limesimama tu lina shida ya raba iliyolala, karatasi iliyobanduka au tundu lililoziba. Linalovuja likiwa mbioni tu lina shida nyingine kabisa: hewa inayopita kwa kasi ubavuni hukivuta kioo kitupu kwenda nje kidogo sana, na kama kioo hakikuwa kimeegemea raba kwa uzito wa kutosha, mwanya unafunguka pale juu na mvua inaingia kama vumbi. Mwalimu alijibu kwamba maji huonekana mbele upande wa abiria, baada ya usiku wa mvua na pia akitoka Kisumu jioni. Fundi akatikisa kichwa. Matatizo mawili, si moja.

Kisha akatoa kiti cha abiria. Kwanza alitenganisha betri, kwa sababu chini ya kiti kuna nyaya ambazo hazipendi kuchezewa zikiwa na umeme, akafungua bolti nne, akakitoa nje na kukilaza juu ya gunia. Akainua kapeti. Juu yake ilikuwa kavu kiasi cha kumdanganya mtu. Chini yake kuna tabaka nene la manyoya yaliyoshindiliwa, la kuzuia kelele, na tabaka hilo lilikuwa limekunywa maji kwa wiki nyingi. Alilikamua kwa mikono na maji yakatiririka hadi sakafuni. Mwalimu alinyamaza. Akanyamaza zaidi alipoonyeshwa kilichoko chini ya miguu ya abiria katika Impreza za kizazi hicho: kikinga cha bati, na nyuma yake kompyuta ya injini. Ndiyo inayoamua petroli iingie kiasi gani na cheche ipigwe lini, nayo imelala chini, mahali ambapo maji yakiingia lazima yafike. Watu wamebadilisha plagi, pampu na koili wakitafuta kwa nini gari linakohoa asubuhi za mvua, kumbe ugonjwa uko mlangoni.

Hapa ndipo fundi asiye na subira huchukua mrija wa silikoni. Nimeona milango iliyopakwa silikoni hadi kwenye matundu ya chini, yaani maji yamefungiwa ndani ya mlango yasitoke. Ukifungua mlango kama huo unasikia yakicheza ndani, na miezi michache baadaye ukingo wa chini unavimba kwa kutu. Isitoshe, silikoni ile ya bei rahisi hutoa asidi ya asetiki inapokauka, na ndiyo sababu inanuka siki. Asidi hiyo ikikutana na bati lililochubuka rangi huanzisha kutu mahali palipokuwa pazima. Fundi wetu hutumia sehemu kubwa ya muda wake kuikwangua silikoni ya wengine, kwa kipande cha plastiki ili asichubue rangi, bila kumsema vibaya aliyeipaka. Mimi ningewasema. Kuziba bila kutafuta ni kumwuzia mtu wiki mbili za matumaini.

Kutafuta kunafanywa kwa maji machache. Hakutumia pampu ya kuoshea magari, kwa sababu maji ya nguvu huingia hata pale ambapo mvua haiwezi kuingia, na utapata uvujaji ambao haupo. Alikuwa na jerikeni ya lita 20 juu ya ngazi na mpira mwembamba unaotoa maji pole pole. Alibandika vipande vya karatasi ya chooni kwa ndani, kando ya raba yote na chini kwenye kizingiti, kwani karatasi ile hubadilika rangi kwa tone moja. Mwanafunzi wake akaingia ndani na tochi, mlango ukafungwa. Fundi akaanza chini kabisa, kwenye kizingiti, akaacha maji yatiririke kwa dakika kadhaa. Kimya. Akapanda hadi usawa wa kitasa. Kimya. Ukianza juu, maji yanateremka na kulowesha kila kitu, na hutajua kamwe ni wapi palipoingiza. Ukianza chini, kila hatua unayopanda inaacha nyuma yake sehemu iliyothibitika.

Maji yalipofika chini ya kioo, mwanafunzi akagonga bati mara moja. Karatasi ya kizingitini ilikuwa imelowa, ile ya juu bado kavu. Maana yake maji yaliingia mlangoni kwa njia ya halali, kisha yakapotelea ndani badala ya kutoka chini. Hilo lilikuwa tatizo la kwanza. Mpira ulipofika juu, kwenye pembe ya mbele ambapo kioo, raba ya paa na kioo cha pembeni vinakutana, akagonga tena.

Kwa tatizo la kioo kuna vipimo viwili, na vyote havigharimu chochote. Cha kwanza ni chaki ya ubaoni. Fundi alipaka raba yote ya mlango chaki nyeupe, akaufunga mlango bila kuubamiza, akaufungua. Kioo kilikuwa kimepigwa mstari mweupe mahali kilipoigusa raba. Juu katikati mstari ulikuwa mpana na wazi. Kuelekea mbele ukawa mwembamba, kisha ukakatika kabisa kabla ya pembe. Cha pili ni kipande cha gazeti. Unakibana kati ya kioo na raba, unafunga mlango, unakivuta. Kikitoka kwa kukazana, raba inafanya kazi. Kikiteleza chenyewe, mvua nayo itateleza. Alizunguka mlango wote hivyo, hatua kwa hatua za upana wa kiganja, akiweka alama ya chaki kwenye paa kila mahali gazeti lilipoteleza. Alipomaliza, alikuwa na ramani.

Kabla ya kugusa kioo aliushika mlango kwa ncha ya mwisho na kuuinua. Mlango uliochoka bawaba hupanda kidogo kisha hushuka kwa kishindo, na kama bawaba zimelegea, kurekebisha kioo ni kupoteza siku, maana kila ukifunga mlango kioo kinatua mahali tofauti. Huu haukusogea. Ndipo akafungua kifuniko cha ndani: skrubu nyuma ya kitasa, skrubu chini ya mahali pa mkono, halafu klipu za plastiki zinazozunguka ukingo, moja moja, kwa bisibisi bapa aliyoifunga kitambaa. Klipu za gari la umri huu huvunjika ukizitazama vibaya. Ana kopo zima la klipu alizookota kwa miaka, na zinazofanana amezitunga kwenye waya.

Marekebisho ya kioo kitupu ni matatu, na kila moja huvuruga mengine mawili. Kuna kimo, yaani kioo kipande hadi wapi kabla ya kusimama. Kuna kwenda mbele na nyuma. Na kuna mwinamo, kioo kilalie ndani kiasi gani kinapokutana na raba. Ndani ya mlango, karibu na juu, kuna pedi zinazokibana kioo kwa upande wa ndani kisitikisike. Zikiisha, kioo hutetema na marekebisho yote ya chini hayana maana. Za mwalimu zilikuwa zimebaki plastiki tupu. Fundi alikata nyingine kutoka kwenye kipande cha kitambaa kizito cha manyoya, akazigandisha, akaziacha zikauke huku akifanya mengine.

Halafu akaanza mwinamo. Alilegeza bolti, akazungusha robo, akakaza, akafunga mlango, akapaka chaki, akafungua, akatazama. Robo tena. Chaki tena. Magari ya gharama ya siku hizi yenye vioo vya namna hii hukishusha kioo kidogo chenyewe unapovuta kitasa, na kukipandisha ukishafunga, ili kizame ndani ya raba bila kuikwaruza. WRX haina msaada huo. Kioo huingia kwa ubavu na kuigonga raba kila mlango unapofungwa, kwa hiyo lazima kiegemee vya kutosha kuzuia maji na kisizidi hapo. Ukikilaza ndani mno, gazeti litakaza vizuri sana na mteja atafurahi, lakini baada ya miezi kadhaa raba imechanika, mota inalalamika ikipandisha kioo, na abiria wanalazimika kubamiza mlango ili ufunge. Nilimwona akifika mahali ambapo mimi ningesema basi, imetosha. Gazeti lilikaza kote. Akalivuta mara moja zaidi pale katikati, akakunja uso, akalegeza bolti na kurudisha nyuma chini ya robo mzunguko. Ilikaza mno, alisema. Alitaka ikaze sawasawa kote, na pale katikati ilikuwa inabeba kazi ya pembe.

Kwa nini pembe haikufikiwa tangu mwanzo? Kwa sababu raba yenyewe ilikuwa imelala. Raba hizi zina uwazi ndani, na kwa miaka kioo kimezikandamiza mahali pale pale hadi zikasahau kuinuka. Jua la asubuhi la Kakamega huzipasha, mvua ya alasiri huzipoza ghafla, na pembe ndiyo inayoumia zaidi kwa sababu hapo raba imekunjwa. Fundi aliitoa raba kwenye mfereji wake taratibu, akaiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akaisafisha na mfereji wenyewe, uliokuwa umejaa mchanga na vijani vya mkaratusi. Kisha akapitisha ndani ya uwazi wake, kwa urefu wa kiganja tu, kamba laini ya sponji ili iinuke. Kamba nene ingezuia mlango kufunga. Hii ilikuwa na unene wa kuikumbusha tu. Mwisho akaipaka glisirini, ile ile inayouzwa kwenye maduka ya dawa kwa ajili ya ngozi. Wenye magari wengi hupaka raba oili ya injini au dizeli zing'ae. Raba nyingi za milango hutengenezwa kwa aina ya mpira inayostahimili jua na mvua vizuri lakini ikigusana na mafuta ya namna hiyo huvimba na kulegea. Zinang'aa wiki moja, kisha zinakuwa uji. Hili ningependa libandikwe ukutani kwenye kila mahali pa kuoshea magari kutoka Khayega hadi Malava.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya karatasi ya nailoni. Mtu fulani zamani alifunga spika mpya kwenye mlango ule, na ili aifikie akaipasua karatasi kwa kisu, akairudisha kwa selotepu. Kuanzia siku hiyo maji yaliyoteremka ndani ya mlango yalikutana na mpasuko, yakatokea nyuma ya kifuniko, yakashuka hadi kizingitini na kuingia chini ya kapeti. Fundi hakuiziba viraka. Aliibandua yote, akaitandaza juu ya nailoni nzito wanayoanikia wakulima mahindi, akachora umbo lake kwa kalamu, kila tundu, kila mkunjo, akakata mpya kwa mkasi. Gundi ya asili, ile nyeusi inayonata na haikauki kamwe, aliikwangua pale ilipokufa na kuongeza mkanda wa butili. Alianika mlango wazi juani kwanza hadi butili ikalainika, ndipo akaanza kukandamiza kwa kidole gumba, sentimita baada ya sentimita. Ndiyo maana kazi hii huifanya asubuhi. Alasiri bati ni baridi na lina unyevu, na gundi hushika uso tu.

Sehemu inayowashinda mafundi wengi ni ukingo wa chini wa karatasi hiyo. Mkono unataka kuugandisha kwa nje ya bati, kwa kuwa ndivyo unavyoonekana nadhifu. Ukifanya hivyo, kila tone linaloteremka kwenye karatasi litamwagikia upande wa abiria. Ukingo wa chini lazima uchomekwe ndani ya mwanya wa bati, ili maji yaliyoko juu ya karatasi yarudi tumboni mwa mlango. Aliyewahi kuezeka nyumba anajua kanuni hii: bati la juu hulalia la chini, halichomekwi chini yake. Na nyaya zinazopita kwenye karatasi alizishusha kwanza zikafanya tumbo kabla ya kupanda tena kuingia tunduni, ili tone linalosafiri juu ya waya lidondoke pale chini lisiendelee na safari.

Matundu ya chini hayakuchukua muda. Alisukuma waya laini, kikatoka kibonge cha udongo mwekundu uliochanganyika na majani, kisha kingine. Hakuyapanua. Akachukua kikombe cha maji, akakimimina taratibu kwenye mwanya wa kioo juu, akainama kutazama chini. Maji yalipotoka kwenye tundu la kwanza na la pili, akamwita mwanafunzi aje aone, akamimina tena kwa ajili yake. Kijana huyo amekuwa akifungua klipu na kukwangua silikoni kwa muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kuzungusha bolti ya kioo. Naona ni haki. Mkono uliokwangua kazi mbaya za wengine hujifunza nini usifanye.

Kapeti ilianikwa juu ya uzio asubuhi mbili, ikiingizwa kibandani kila mawingu yalipokusanyika. Mwalimu aliomba irudishwe ikiwa na unyevu kidogo tu, itakauka ndani ya gari. Fundi alikataa kwa upole na kumpa kiti akae. Kapeti mbichi juu ya bati lililofungwa ni mwanzo wa kutu nyingine, na mteja akirudi akiona maji hatajua kama ni mapya au ya zamani, wala fundi hatajua.

Jaribio la mwisho lilikuwa la kutafuta mwanya kwa hewa. Waliwasha feni ya gari kwa kasi ya juu ikivuta hewa ya nje, vioo vyote vimefungwa, na fundi akapaka maji ya sabuni kwa brashi kando ya raba yote kwa nje. Ndani kukijaa hewa, hewa hutafuta pa kutokea, na sabuni hutoa povu hapo. Kioo chote kilikaa kimya isipokuwa pembe ile ya mbele, palipotoka vipovu viwili vitatu vidogo. Jioni, mvua ikiwa imeanza, walitoka kwenda barabara ya Kisumu, wakapita Ilesi penye Jiwe Linalolia, wakafika Khayega, wakarudi. Mwanafunzi alikaa kiti cha abiria, kidole chake kikiwa pembeni mwa raba. Kulikuwa na unyevu pale, usiotosha kutiririka.

Fundi alimwambia mwalimu ukweli wote. Mlango sasa unatoa maji yake, kioo kimekaa, karatasi itadumu. Raba ya pembe imechoka na kamba ya sponji imeipa muda tu. Mpya huagizwa kutoka Japani kwa bei inayoumiza. Ya gari lililokatwa, Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, inapatikana, lakini aikunje kwanza kwa vidole atazame kama kuna nyufa ndani ya mkunjo, na asikubali iliyopakwa oili ikang'aa. Akiipata aitume kwa basi la usiku. Hadi hapo, glisirini kila mwezi, na aegeshe gari likitazama juu. Kisha akafungua daftari la shule ambamo huandika kila mlango aliourekebisha na bolti ilizungushwa kiasi gani, akamwuliza mwalimu mlango wa abiria wa nyuma nao atamletea lini, kwani pedi zake alizigusa na zimebaki nyembamba.